Mjinga Aliyegeuka Mstaarabu: Historia ya Neno “Nice”

Katika miaka ya 1380 London ilikuwa na ofisa wa forodha aliyeishi katika vyumba vya juu ya Aldgate, mojawapo ya malango ya ukuta wa mji ule. Mchana alisimamia ushuru wa sufu na ngozi zilizokuwa zikipakiwa merikebuni, na masharti ya kazi yalimtaka aandike daftari kwa mkono wake mwenyewe. Akitoka kazini alisoma na kutunga. Huyo ni Geoffrey Chaucer, na moja ya kazi zake za miaka ile ni Troilus and Criseyde, kisa cha mapenzi ndani ya vita vya Troy: vitabu vitano, beti zaidi ya elfu moja, kila ubeti na mishororo saba.

Mwanzoni mwa kitabu cha pili Chaucer anakiweka kisa kando na kuzungumza na wasikilizaji wake. Anawakumbusha kwamba usemi hubadilika, na kwamba maneno yaliyokuwa na thamani kwa watu wa kale huja kuonekana ya kipumbavu na ya ajabu masikioni mwa wajukuu, ingawa wenyewe waliyasema kwa moyo wote na mapenzi yao yakafanikiwa kama ya watu wa leo. Sasa angalia neno alilolitumia kwa “ya kipumbavu”. Aliandika nyce. Ndiyo nice hii hii ambayo Mwingereza wa leo humsifia nayo mpishi, jirani, mtoto mpole na anga lisilo na mawingu. Anayesoma mahali pale akiwa na Kiingereza cha sasa tu atadhani Chaucer anawasifu wahenga kwa maneno yao mazuri. Mshairi alisema neno laweza kugeuka katika miaka elfu. Hili alilolishika mkononi halikuhitaji hata nusu ya muda huo.

Ukoo wake unaanzia Roma. Kilatini kilikuwa na kitenzi scire, kujua, na kiambishi ne- cha kukanusha. Vikaungana kuwa nescius: asiyejua, asiye na habari. Kitenzi hicho, bila kukanushwa, kilizaa scientia, yaani elimu, ambayo Wafaransa na Waingereza waliifanya science, nasi tukaipokea kwa jina la sayansi. Mwanafunzi wa Morogoro au Machakos anayesema ana kipindi cha sayansi ametaja ndugu wa damu wa nice bila kujua. Mmoja alizaliwa upande wa wajuzi, mwenzake upande wa majuha.

Kilatini cha mitaani huko Gaul kiliendelea kutafunwa kizazi baada ya kizazi, na nescius ikapungua hadi neno fupi la Kifaransa cha kale, nice. Kufikia karne ya 12 Mfaransa aliyeitwa hivyo hakuwa na la kushukuru. Lilimaanisha mjinga, mzembe, asiye na ustadi wa mikono, dhaifu, wakati mwingine fukara. Ng’ambo ya milima ya Pyrenees Wahispania walilitunza neno hilo hilo la Kilatini kwa umbo la necio, na mpaka leo ukimwita mtu necio katika nchi za Kihispania umemwita mpumbavu, ujiandae kwa majibu. Ndugu wawili wa mzazi mmoja: wa Hispania amebaki na tabia ya baba, wa Uingereza amebadili hata sura.

(Mji wa Nice, kule pwani ya kusini ya Ufaransa, haumo katika ukoo huu. Mji ule ulianzishwa na Wagiriki waliouita Nikaia, kwa heshima ya Nike, mungu wao wa ushindi. Nikea ya Asia Ndogo, ambako maaskofu walikutana mwaka 325 na ambayo Wakristo wetu huitaja wanaposema Kanuni ya Imani ya Nikea, ina jina hilo hilo la Kigiriki. Herufi zimekutana tu.)

Neno lilivuka bahari pamoja na mabwana. Mwaka 1066 William wa Normandy alishinda vita vya Hastings, na kwa vizazi kadhaa ikulu, mahakama na meza za wakubwa Uingereza zikawa za Kifaransa. Kiingereza kilibaki shambani, sokoni na jikoni. Lakini watawala na watawaliwa wakiishi ua mmoja, maneno huvuja, na yanayovuja si ya sheria na nyama choma peke yake. Matusi nayo huvuja, na yale yanayotoka kwa wakubwa huwa na ladha ya pekee: ukimtukana mwenzako kwa lugha ya bwana, unajipandisha cheo kidogo huku ukimshusha yeye. Karibu mwaka 1300 nice imeshaingia katika maandishi ya Kiingereza, na maana yake ni mjinga, mpuuzi. Mwaka 1362, Chaucer akiwa kijana, Bunge likapitisha sheria iliyotaka kesi zizungumzwe kwa Kiingereza kwa kuwa watu hawakukielewa Kifaransa. Lugha ya wenyeji ilikuwa inarudi barazani, imebeba mikoba iliyojaa maneno ya waliokuwa mabwana.

Hapo ndipo mambo yanapoanza kukolea, kwa sababu kati ya “mjinga” na “mzuri” hakuna daraja linaloonekana kwa jicho la kwanza. Hata hivyo watu walivuka hatua kwa hatua, na hakuna aliyeruka.

Mjinga wa karne ya 14 hakuwa lazima asiyejua kusoma. Alikuwa pia mtu wa anasa, asiyejizuia, mwenye mavazi ya kupita kiasi na mwendo wa madaha. Mhubiri aliyewakemea walimbwende kwa mikono mipana ya kanzu na viatu vyenye ncha ndefu aliuona upumbavu kwenye kitambaa chenyewe, na nice ikatosha kwa mvaaji na kwa vazi pia. Sasa mlimbwende ana sifa nyingine: anadeka. Hali kila chakula, hakai kila kiti, anaogopa tope na baridi. Basi nice ikawa pia mwoga, mwenye haya, laini, mteuzi. Ndiyo, mteuzi yule ambaye methali yetu inasema haishi tamaa. Na mteuzi, ukimtazama kwa jicho la huruma, ni mtu mwenye macho makali: anatambua tofauti ambazo wengine hawazioni, kati ya divai na divai, hariri na hariri, hoja na hoja. Kufikia karne ya 16 neno lilikuwa linaweza kumaanisha makini, sahihi, mwenye kupambanua mambo madogo. Tusi limekuwa sifa ya mwanazuoni, na katika kila hatua msemaji alidhani anasema kile kile alichosema baba yake.

Ila maana za zamani hazikuondoka zilipoingia mpya. Zilibanana. Katika miaka ya Shakespeare neno lilibeba ujinga, uasherati, haya, uteuzi, umakini, wepesi na udogo wa jambo, yote kwa wakati mmoja. Katika Romeo and Juliet, Benvolio anamweleza mtawala wa Verona jinsi Romeo alivyomsihi Tybalt afikirie ugomvi wao ulivyokuwa nice, yaani wa upuuzi. Mwishoni mwa mchezo, Kasisi Laurence anaposikia barua yake kwa Romeo haikufika, anasema barua ile haikuwa nice. Hana maana kwamba ilikuwa mbaya. Anasema haikuwa ya mambo madogo: ilibeba uhai wa watu.

Mfano wa karibu zaidi na sisi umo katika Julius Caesar, mchezo ambao Mwalimu Julius Nyerere aliutafsiri kwa Kiswahili na ukachapishwa mwaka 1963. Katika hema la Brutus, kabla ya vita vya mwisho, Brutus na Cassius wanagombana. Brutus amemwadhibu hadharani mtu aliyekula rushwa, na Cassius alikuwa amemwombea. Cassius analalamika kwamba adui akiwa mlangoni haifai kila kosa la nice lipigiwe kelele. Mfasiri akiteleza hapo na kuchukua maana ya leo, atapata kosa zuri, au kosa la kistaarabu, na ugomvi mzima utapoteza kichwa na miguu. Kosa lile ni dogo, la kupuuzwa. Hivyo ndivyo Cassius anavyolitaka lionekane. Brutus haoni hivyo, na anajibu kwa kumshutumu Cassius mwenyewe kwa kuuza vyeo.

Wakati nice ikipanda ngazi, neno jingine la Kiingereza lilikuwa likishuka ngazi hiyo hiyo. Silly, ambalo leo ni mpuuzi, katika Kiingereza cha kale lilikuwa mwenye heri, aliyebarikiwa. Wajerumani bado wanaliweka hivyo: selig kwao ni mwenye heri, na hutajwa makanisani. Waingereza walianza kulitumia kwa mtu asiye na hatia, kisha kwa asiye na hatia anayeonewa, kisha kwa maskini wa Mungu wa kuhurumiwa, kisha kwa dhaifu, na katika nusu ya pili ya karne ya 16 likafika kwa mpumbavu. Mwenye heri na mjinga wakapishana njiani, mmoja akipanda na mwingine akishuka. Napenda kisa hiki kuliko vingine vyote vya aina yake, kwa sababu kinavunja dhana kwamba maneno huchakaa kuelekea upande mmoja. Wapo wanaosema lugha huharibika kila siku. Huharibika kwa silly. Kwa nice je?

Mwaka 1746 Samuel Johnson, mwana wa muuza vitabu wa Lichfield, alitia saini mkataba na wachapishaji wa London ili awatungie kamusi. Alifanya kazi hiyo katika chumba cha juu cha nyumba yake ya Gough Square, akisaidiwa na waandishi sita wa kunakili, na tarehe 15 Aprili 1755 ikatoka katika majuzuu mawili makubwa yenye maneno zaidi ya 42,000. Alipofika kwenye nice, maana aliyoitanguliza ni ya mtu anayepambanua kwa usahihi hadi kwenye vitu vidogo kabisa, na hapo hapo akaonya kwamba mara nyingi hutumika kwa uteuzi wa kulaumiwa. Baada yake zikafuata nyingine za uangalifu, udhaifu, kuchagua chagua na ustadi wa kazi za mikono. Matembezi ya kupendeza au mtu mwema humkuti humo.

Miaka 14 baadaye, rafiki yake Johnson aliandika barua. Elizabeth Carter alizaliwa mwaka 1717 huko Deal, mji wa bahari katika Kent, binti wa kasisi. Baba alimfundisha Kilatini, Kigiriki na Kiebrania pamoja na kaka zake, naye alikuwa mzito wa kujifunza hivi kwamba baba alitaka kukata tamaa. Binti hakukata. Usiku alinusa ugoro na kufunga kitambaa chenye maji kichwani ili usingizi usimshinde. Asubuhi aliamshwa na kengele iliyowekwa kitandani kwake, ambayo kamba yake ilipita dirishani mpaka bustanini, na mhudumu wa kanisa aliyeamka alfajiri aliivuta kutoka nje. Maumivu ya kichwa yaliyomsumbua maisha yake yote yanasemekana kuwa malipo ya bidii hiyo. Alijifunza lugha za Ulaya moja baada ya nyingine, na baadaye akajitia katika Kiarabu. Mwaka 1758 akatoa tafsiri ya kazi zote zilizobaki za Epictetus, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyezaliwa mtumwa. Kitabu kikamletea karibu pauni elfu moja. Johnson, aliyemchapishia makala mbili katika jarida lake The Rambler, alimsifu kwamba aliweza kupika kama alivyoweza kumfasiri Epictetus. Leo sifa hiyo inakera, lakini mwenyewe aliitoa kwa heshima.

Katika barua yake ya 1769 Carter anaeleza kwamba atakula chakula kwa mwenzake, kisha jioni atafanya matembezi ya nice. Hana maana ya matembezi ya kijinga, wala ya kuchagua chagua, wala sahihi. Ni matembezi ya kupendeza, basi. Watunga kamusi wa baadaye waliipenda barua hiyo, na imetajwa mara nyingi kama ushahidi wa mapema wa maana tunayoijua leo. Si kwamba Carter aliibuni. Maana kama hii huwa imeshazungumzwa majumbani muda mrefu kabla ya kuanguka kwenye karatasi. Lakini iangukie kwenye karatasi ya nani? Ya mtu aliyeweza kupima neno la Kigiriki kwa mizani ya dhahabu. Tuliweke hilo akilini, kwa sababu zaidi ya miaka 150 baadaye tutakutana na bwana mmoja aliyesema neno hili liliharibiwa na wanawake.

Kabla yake kuna kijana wa kubuni. Jane Austen aliandika Northanger Abbey mwishoni mwa karne ya 18 na mwaka 1803 akauuza mswada kwa mchapishaji wa London kwa pauni 10. Mchapishaji akaukalia. Familia iliununua tena kwa bei ile ile, na kitabu kilitoka Desemba 1817, mwandishi akiwa amefariki Julai ya mwaka huo. Katika sura ya 14, Catherine Morland, msichana wa miaka 17 anayependa riwaya za kutisha, anapanda kilima cha Beechen Cliff mjini Bath pamoja na Henry Tilney na dada yake Eleanor. Anaisifu riwaya ya The Mysteries of Udolpho kwa kuiita nice. Henry anamrukia. Anamkebehi kwamba siku ni nice, matembezi ni nice, nao wasichana wawili ni nice. Ni neno zuri kweli, linafaa kwa kila kitu. Zamani, asema, huenda lilitumika kwa unadhifu, adabu na utaratibu wa mambo tu, na sasa kila sifa ya kila kitu imetiwa ndani yake.

Henry ni mcheshi, na Austen anampenda. Lakini historia yake ni ya kubahatisha. Hiyo “zamani” yake ni ya babu yake. Angerudi nyuma miaka mia mbili tu angelikuta neno lake nadhifu likiwa limeshikana mikono na uasherati, na akizidi kurudi angekutana na mjinga wa Chaucer. Anayemjibu si Catherine, ambaye hana kamusi kichwani. Ni Eleanor, naye anamwambia kaka yake kwamba neno lile limstahili yeye, bila sifa yoyote ndani yake, kwani uteuzi wake umeizidi busara yake. Yaani anamwita nice kwa maana ile ya zamani, mteuzi wa kuudhi, na kumshinda kwenye uwanja wake mwenyewe. Austen alilijua neno hili kuliko mhusika wake wa kiume, na ukurasa ule una maana mbili za nice zikizungumza kwa zamu. Karibu mwaka 1830 maana nyingine iliongezeka, ya mtu mwema mwenye kujali wengine, na hiyo ndiyo iliyoshinda zote kwa upande wa watu.

Yule bwana niliyemtaja ni Henry Watson Fowler, ambaye mwongozo wake wa matumizi ya Kiingereza wa mwaka 1926 ulikaa mezani pa wahariri kwa miongo mingi. Kuhusu nice alisema limeponzwa na bahati yake njema: limependwa mno na mabibi, wakaliondolea kila kilicho chake mpaka likabaki kuonyesha tu kwamba kitu fulani kimempendeza mtu. Imesemwa kwa ufundi, na si haki. Wanaume walilitumia nice kwa kila kitu kama wanawake, na shahidi wa kike maarufu kuliko wote ni yule bibi wa ugoro na Epictetus.

Walioutafuta ukweli kwa jasho walikuwa Oxford. Kamusi kuu ya Kiingereza iliyoanzishwa na wanachama wa Chama cha Filolojia ilianza kutolewa kwa vipande mwaka 1884 na kukamilika mwaka 1928. Herufi N ilimwangukia William Craigie, Mskoti kutoka Dundee, aliyekuwa na meza yake na wasaidizi wake katika jengo la Old Ashmolean. Mbele yao kulikuwa na vipande vya karatasi vilivyotumwa na wasomaji wa kujitolea, kila kimoja na nukuu yake, na kazi ilikuwa kuvipanga kwa maana na kwa miaka. Kwa nice ilifika mahali mpango ukagoma. Kamusi yenyewe inakiri kwamba katika mifano mingi ya karne za 16 na 17 ni vigumu kusema mwandishi alikusudia maana ipi. Naona kukiri huko ni kwa heshima kuliko kebehi ya Henry na lawama ya Fowler. Pengine hata wasomaji wa wakati ule hawakuwa na hakika, nao walipita tu.

Walimu wengi wa Kiingereza, hapa kwetu na kwingineko, huwakataza wanafunzi nice katika insha, wakiwataka watafute neno lenye maana kamili zaidi. Maana hiyo ya ukamili haijafa yote. Imejificha mahakamani. Majaji na mawakili wanaofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza, wawe London, Nairobi au Dar es Salaam, hukutana na hoja ya kisheria iliyoitwa nice, nayo ni ile nyembamba kama uzi, inayotaka kupimwa kwa uangalifu mkubwa, ambayo majaji wawili wenye akili timamu wanaweza kutofautiana juu yake. Mteja asiyejua hilo akimsikia wakili wake akitamka hivyo mbele ya jaji, aweza kutoka nje kuwapigia simu ndugu zake kwamba kesi wameshaishinda.